Nyumba Ikiungua, Unatoka na Kanda Gani?

Kwanza niseme hivi: mimi sina upande. Mtaa wetu mzima umegawanyika, wapo wa tarumbeta na wapo wa taa, na kila kundi linadhani mimi ni wake. Kazi yangu ilikuwa kushona vifungo. Ukishona vifungo katikati ya mume na mke wanaobishana, huwi na upande, unakuwa na sindano tu na kichwa kinachouma.

Mume ni Baba Mkubwa, fundi cherehani. Mke ni Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, na habari ninazosimulia hapa ni zake yeye zaidi. Walinichukua mama alipofariki, sijaota hata meno ya mbele, wakanilea pamoja na mtoto wao wa kiume, kwa hiyo nikisema wazazi wangu nawasema hao. Tulikulia kwenye chumba kimoja cha biashara chenye kazi mbili. Kushoto palikuwa na cherehani cha Baba Mkubwa, pasi, na vitambaa vya watu vimerundikana. Kulia palikuwa na kanda za Mama Mkubwa, kutoka sakafuni hadi kugusa dari, na redio yake kubwa yenye nafasi ya kanda mbili, moja ya kucheza na nyingine ya kurekodia. Enzi hizo muziki haukuwa kwenye simu. Mtu akitaka nyimbo alikuja na kanda tupu, Mama Mkubwa akamrekodia, akamwandikia majina ya nyimbo kwa ule mwandiko wake wa kulalia kushoto, basi mtu akaenda zake na furaha yake mfukoni.

Chumba kilikuwa chembamba, ndiyo maana meza zao zilikuwa moja. Baba Mkubwa alitafuta ubao mmoja mrefu wa mti mgumu, akaupigilia kwenye meza ya cherehani, ukapita katikati ya chumba mpaka kwenye rafu za kanda. Yeye alikaa mwisho huu, Mama Mkubwa akakaa mwisho ule ameegemeza viwiko, na mimi katikati na kopo langu la vifungo. Baba Mkubwa akianza kukanyaga cherehani, vifungo vilicheza ndani ya kopo na chai ya Mama Mkubwa ikatetemeka kikombeni. Wateja wageni walishtuka. Sisi tulishazoea.

Sasa, Mama Mkubwa alikuwa na swali lake, na hakumrekodia mtu hata wimbo mmoja kabla hajamwuliza. Nyumba inaungua. Mkono mmoja umembeba mtoto. Mkono wa pili unatoka na kanda gani? Alitaka kanda moja tu, na si ile unayoipenda mwezi huu, wala ile anayoisifia shemeji yako mpaka unaona aibu kusema hujaielewa. Kanda nzima, pande zote mbili, pamoja na zile nyimbo ambazo watu huzirusha. Wengine walijibu hapo hapo. Wengine waliomba wakafikirie kwanza, wakarudi baada ya wiki wamekonda. Dereva mmoja wa lori alisema yeye angemwacha mtoto atembee mwenyewe ili atoke na kanda mbili. Mama Mkubwa alikataa kumhudumia mpaka alipofuta kauli.

Ukishajibu, aliitoa kanda yako rafuni akaiweka, mkaisikiliza pamoja mpaka mwisho, wateja wengine watake wasitake. Hivyo ndivyo alivyojuana na watu. Majina alikuwa anasahau, lakini kanda ya mtu hakuisahau. Utamsikia anasema, jana nimekutana na yule wa kwaya ya wachimba migodi, amepona mguu. Au, yule mama wa ngoma zisizo na mwimbaji amepata mjukuu. Na sisi tulijua ni nani anayesemwa.

Wao wenyewe hawakukubaliana hata siku moja. Kanda ya Baba Mkubwa ya kutoka nayo motoni ilikuwa Tarumbeta Kumi, ya bendi moja ya vijana waliopiga picha kwenye jalada na suti nyeupe, kila mmoja amemkunjia mpiga picha uso. Ilikuwa na kelele za furaha tangu mwanzo hadi mwisho. Kanda ya Mama Mkubwa ilikuwa Taa ya Dirishani. Humo alikuwamo mwanamke mmoja tu, gitaa moja, na ngoma ndogo iliyopigwa kwa vidole, na nyimbo zake zilikuwa za watu wanaongojana. Baba Mkubwa alisema ile si kanda, ni mwanamke amekanyagwa kidole cha mguu na hataki kusema. Mama Mkubwa alisema tarumbeta zenyewe si kumi, yeye amezihesabu, ni tatu, na moja ina mafua. Baba Mkubwa alijibu kwamba tarumbeta saba zilikuwa zinapumzika. Siku iliyofuata wakaanza upya, neno kwa neno, kama watu wanaosali.

Nilipokuwa mdogo nilidhani wanagombana. Nilipokua nikaelewa kwamba yale ndiyo mapenzi yao. Wapo watu wanaopeana maua, hawa walipeana vijembe.

Na kuna jambo jingine la Baba Mkubwa ambalo lazima nilieleze, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Yeye alishona kwa muziki. Sisemi alipenda kushona huku muziki unapiga, hilo kila fundi anapenda. Nasema miguu yake ilifuata wimbo. Ngoma ikienda polepole, kanyagio lilikwenda polepole. Ngoma ikikimbia, naye akakimbia. Hakukusudia, na ukimwambia alikataa. Siku moja Tarumbeta Kumi ilipofika kwenye ule wimbo wa pili wa upande wa pili, unaokwenda mbio kuliko yote, alikuwa anashona suruali ya karani mmoja, akapitiliza akaziba mifuko yote miwili. Karani alirudi ameshikilia funguo zake mkononi, hana pa kuziweka. Kuanzia hapo wateja wenye akili walikuwa wakileta kitambaa wanamnong'oneza Mama Mkubwa, tafadhali, hii ishonwe wakati wa kanda yako. Mshono wa Taa ya Dirishani ulikuwa mdogo, umenyooka, haufumuki. Mama Mkubwa aliutumia kama ushahidi kwenye ubishi wao miaka nenda rudi, na Baba Mkubwa alivuta tu masharubu yake yaliyoufunika mdomo.

Miaka ikaenda. Kanda zikaisha sokoni, zikaja sahani za kung'aa, nazo zikaisha, zikaja simu. Mama Mkubwa hakufunga. Akawa anachajia watu simu na kuuza vocha, lakini kanda zilibaki rafuni na swali lilibaki mdomoni. Vijana walikuja kwa vocha wakajikuta wamekaa kwenye benchi wanasikiliza upande wa kwanza na wa pili wa kitu kilichotoka kabla hawajazaliwa. Redio ilipiga siku nzima. Baba Mkubwa alikanyaga. Chai ilitetemeka. Walibishana.

Kilichoharibika kwanza ni goti la Baba Mkubwa. Likawa linavimba, asubuhi anashuka kitandani kwa kuliomba radhi. Mtoto wao, kaka yangu, ambaye tangu utotoni tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua kila redio ya mtaa na kuzifunga baadhi, alikuja likizo akamwona baba yake anavyochechemea. Akanunua mota ya umeme, akaifunga kwenye cherehani, akatoa ule mkanda wa ngozi wa kanyagio akautundika ukutani. Baba yake akabonyeza kwa ncha ya kidole cha mguu, sindano ikaenda yenyewe. Tulipiga makofi wote. Hata Mama Mkubwa alipiga makofi. Injinia akarudi kazini kwake mbali huko, amejaa sifa.

Baada ya hapo Mama Mkubwa akanyamaza.

Sisemi alipunguza maneno. Alinyamaza. Kanda ikifika mwisho, redio ikajizima tak, yeye ameegemea ubao macho yako barabarani, hageuzi. Tulikaa kimya mchana kutwa kama tuko ofisi ya serikali. Mteja akija anauliza kitu mara mbili, Mama Mkubwa anatabasamu na kumpa vocha hata kama amekuja kuulizia suruali. Swali lake la nyumba ikiungua halikuulizwa tena. Baba Mkubwa akitupa kijembe cha kawaida kuhusu mwanamke aliyekanyagwa kidole, hakijibiwi, kinaanguka chini hapo tunakiangalia.

Baba Mkubwa aliamua kwamba amenuniwa. Alikaa akajikagua makosa yake yote, na mengine akanisimulia mimi, mambo ambayo mtoto hapaswi kuyajua kuhusu baba yake. Alinunua viatu vya kike vya saizi isiyo ya mkewe. Alimletea ndizi mbivu. Aliweka Taa ya Dirishani asubuhi hadi jioni bila kulalamika, na akasafisha redio kwa pamba na spiriti, kazi ambayo hakuwahi kuigusa. Mama Mkubwa alisema asante, akaendelea kuangalia barabara. Kisha akaanza kuteremsha kanda rafuni na kuzipanga kwenye maboksi. Alisema amepatana na yule kijana wa mkokoteni anayekusanya vitu chakavu, atakuja kuzichukua. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayesema tumeishiwa chumvi.

Mimi mdomo wangu hauna breki, mnanijua. Nilimjia juu. Nilisema maneno mengi, nikiwa nyuma yake, na yeye akaendelea kufuta vumbi kwenye Tarumbeta Kumi kwa ncha ya upande wa nguo yake, akailaza ndani ya boksi kwa upole kama anamlaza mtoto.

Siku ya pili yake Baba Mkubwa alizima mota, akasimama. Kinyozi wa mkabala alikuwa amekaa kwenye benchi anangojea koti lake jeupe la kazini, kwa hiyo kulikuwa na shahidi. Baba Mkubwa alijifuta jasho. Nikajua kuna jambo zito linakuja, lakini sikufikiria hilo.

"Bibie," alisema, "nimekubali. Nyumba ikiungua, natoka na Taa ya Dirishani. Umeshinda."

Kinyozi alisimama. Naapa alisimama, kama mtu amesikia wimbo wa taifa. Ubishi wa miaka yote ile, uliotukuta watoto ukatuacha watu wazima, umekwisha hivi hivi mchana kweupe. Sote tulimwangalia Mama Mkubwa. Alikuwa ametupa mgongo, anafunga boksi kwa kamba. Akafunga fundo, akalikaza. Halafu, bila kugeuka, akamwuliza mumewe kama ameshakula.

Baba Mkubwa akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Mama Mkubwa akachukua boksi jingine. Hapo mimi nikasogea nyuma yake nikapiga makofi, mikono yangu iko karibu na kisogo chake kabisa, nikapiga kwa nguvu mpaka viganja vikawaka moto. Hakutikisika hata unywele. Kinyozi akakaa polepole. Baba Mkubwa akanitazama, na uso wake sitausahau, ulikuwa uso wa mtu aliyebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe akakuta hakuna mtu.

Tulimpeleka hospitali. Daktari, binti mmoja mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alimvalisha vitu vya masikioni, akamchungulia, akampima hiki na kile. Kisha akatuambia masikio yote mawili yamekwisha, na si jana wala juzi, yamekuwa yakififia kidogo kidogo kwa miaka. Vifaa vya kusaidia vipo, alisema, lakini kwa hali ile vitamletea kelele tu, maneno hatayapata, na muziki ndiyo kabisa. Akamwandikia Mama Mkubwa yote hayo kwenye karatasi. Mama Mkubwa alisoma, akaikunja, akasema anajua.

Nje, kwenye benchi la korido, nilifoka. Nilimfokea mtu asiyesikia, ndivyo nilivyo na akili. Nilimwuliza kwa midomo na mikono, miaka? Miaka yote hiyo ulikuwa unabishana na mumeo vipi? Ulikuwa unajua vipi kanda imefika wapi, unageuza upande bila kukosea, unamwambia mteja ngoja wimbo ujao ndio mtamu? Alinisoma midomo, na nikagundua kwamba amekuwa akinisoma midomo siku nyingi, ndiyo maana alikuwa akinitolea macho kila nikiongea. Nilidhani ananiona mrembo.

Akacheka kidogo. Alisema maneno ya Baba Mkubwa hayahitaji kusikiwa, ni yale yale tangu walipooana, na kila akitaka kubishana lazima kwanza asimamishe miguu. Ubao ukitulia, alijua kijembe kinakuja, anainua uso na jibu lake liko tayari. Kisha akaacha kucheka, akakunja mkono akagusa kiwiko chake.

"Nilikuwa nasikia kwa hapa," alisema. "Kila wimbo una miguu yake. Fundi akikanyaga, najua tuko wapi. Mlipomwekea mota, mkanizimia."

Jamani. Nilitaka ardhi inifunike. Sote tulikuwa tumepiga makofi siku ile, na yeye akapiga pamoja nasi, maana goti la mumewe lilikuwa linavimba na hakutaka kuwa mtu wa kusema rudisheni. Alikuwa amechagua goti la mumewe, akaacha muziki wake uende. Wala hakumwambia mtu.

Baba Mkubwa alikuwa amesimama hapo hapo, amesikia kila neno. Alimshika mkewe mkono wakatoka nje ya hospitali wanachechemea pamoja, yeye kwa goti na Mama Mkubwa kwa kumfuatisha.

Aliyoyafanya baadaye aliyafanya bila kuniomba ushauri, na ni vizuri, maana ningemkataza. Alivuka barabara kwa kinyozi akaagiza masharubu yanyolewe. Masharubu yale yalikuwepo siku ya harusi yao. Kinyozi alimwuliza mara tatu kama ana hakika. Baba Mkubwa alirudi na mdomo mtupu, mweupe kuliko uso wote, anaonekana kama mdogo wake mwenyewe. Kisha akachukua bisibisi, akaifungua mota. Injinia alipiga simu kuuliza kwa nini, nikamweleza, naye akamwelekeza baba yake jinsi ya kurudisha mkanda wa ngozi bila kuukata.

Ilikuwa siku ile kijana wa mkokoteni aliyoahidi kuja. Maboksi yalikuwa mlangoni yamefungwa kamba, rafu ziko tupu, zimebaki alama za vumbi pale kanda zilipokuwa. Redio haikuwa na kanda ndani. Mama Mkubwa alikuwa amekaa mwisho wake wa ubao, anapanga vocha, hajageuka kuona mumewe anafanya nini.

Baba Mkubwa akakaa kwenye cherehani. Akaweka mabaki mawili ya kitambaa chini ya sindano, akafunga goti lake kwa skafu, na akakanyaga.

Mimi niliyekuwa na masikio sikusikia muziki wowote. Nilisikia chuma na kanyagio, taka-taka, taka, kimya kidogo, taka-taka, taka. Vifungo vikaanza kucheza kwenye kopo. Chai ikatetemeka. Na mikono ya Mama Mkubwa ikasimama juu ya vocha.

Akashusha viwiko. Akavisogeza mbele kidogo, akavibana kwenye ubao, akafumba macho. Sijui ilichukua muda gani, mimi nilikuwa nimeshika sindano isiyo na uzi. Halafu akataja jina la wimbo. Ulikuwa wa kwanza, upande wa kwanza, Taa ya Dirishani. Baba Mkubwa hakuinua kichwa. Akaingia wa pili, Mama Mkubwa akautaja. Mabaki ya kitambaa yalikuwa yakipita chini ya sindano yanaungana, yanashuka nyuma ya cherehani utepe mrefu wa rangi zote, kaki ya sare, mistari ya shati la mtu, maua ya gauni. Na mimi hapo ndipo nilipoelewa kitu, nikaanza kulia kama mjinga. Kanda ilikuwa imefungwa ndani ya boksi. Yule mzee alikuwa anaipiga kichwani. Kanda aliyoidharau maisha yake yote, alikuwa anaijua mpaka zile sehemu ambazo mwimbaji anavuta pumzi.

Katikati Mama Mkubwa alifumbua macho, amekunja uso.

"Umeruka wimbo," alisema.

Kweli alikuwa ameruka. Baba Mkubwa akasimamisha miguu, akafikiri, akarudi nyuma akaupiga. Mama Mkubwa akaridhika, akafumba macho tena.

Upande wa kwanza ulipokwisha miguu ilitulia, na Baba Mkubwa akapumzika kwa urefu ule ule tuliouzoea wa kutoa kanda na kuigeuza. Mama Mkubwa mwenyewe alifanya kwa mkono hewani, akafungua kifuniko ambacho hakipo, akageuza, akafunga. Kijana wa mkokoteni alitokea mlangoni wakati huo huo, akauliza kama ni maboksi haya. Nilimwonyesha Mama Mkubwa kwa kidole kuna mtu. Akamtazama kijana, akatazama maboksi.

"Kaa kwanza," alimwambia. "Upande wa pili bado."

Kijana alikaa kwenye benchi karibu na kinyozi, ambaye alikuwa amevuka barabara na makasi mkononi kuja kuona, amemwacha mteja nusu kichwa. Hakuna aliyemweleza yule kijana kinachoendelea. Alisikiliza cherehani upande mzima wa pili, adabu yake nitaikumbuka.

Wimbo wa mwisho ni mrefu. Baba Mkubwa alikuwa ameloa jasho, na kila kanyagio likishuka nilimwona anavyouma midomo, sasa hana masharubu ya kuficha. Nilitaka kumzuia. Mama Mkubwa alifumbua macho akamwona pia, akanyoosha mkono kama anataka kusema basi, inatosha. Baba Mkubwa akatikisa kichwa. Akaupunguza, akaupunguza, kama vile ule wimbo unavyokwisha, mpaka sindano ikapanda mara moja ya mwisho na ikabaki juu.

Ubao ukatulia. Na Mama Mkubwa, kwa mazoea ya miaka yote, akainua uso kungoja kijembe.

Baba Mkubwa alisogea mpaka wakakaribiana nyuso. Alisema polepole, akifungua mdomo wake mtupu vizuri kwa kila neno, kwamba amekubali, kwamba nyumba ikiungua anatoka na Taa ya Dirishani, kwamba mkewe ameshinda. Mama Mkubwa aliutazama ule mdomo. Nilikuwa karibu, niliona machozi yalivyomjaa, na niliona wazi kabisa kwamba ameelewa kila neno. Akajikausha kwa kiganja. Akaegemea nyuma, akakunja mikono.

"Sijasikia," alisema. "Rudia."

Baba Mkubwa akarudia. Mama Mkubwa akainamisha kichwa upande, amekunja uso kama mtu anayejitahidi sana, akamwomba aseme tena, polepole kidogo, na kinyozi naye asikie. Baba Mkubwa akamwangalia kinyozi, akaniangalia mimi, akaona tunavyouma midomo tusicheke. Akajua. Akamgeukia mkewe, na akasema mara ya tatu.